Manowari za Kaizari: zilijengwa kwa jina la makoloni, zikabaki kwao

Agosti 1885 watu wa Unguja waliamka wakakuta manowari za Mjerumani zimetia nanga mbele ya kasri la Sayyid Barghash, Stosch, Gneisenau, Prinz Adalbert na Elisabeth, mizinga inatazama mji. Kosa la Sultani lilikuwa kulalamika tu. Carl Peters, Mjerumani mpenda makoloni, alipita bara mwishoni mwa 1884, Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akarudi na bunda la mikataba, Februari 1885 Berlin ikampa hati ya ulinzi wa serikali, Barghash akaandika kupinga, na jibu la barua yake ndo hilo lililotia nanga pale mbele. Tena walimletea na jingine la kumuumiza roho, kwenye meli ya mizigo ya Adler alikuwemo dada yake kwa baba, Bibi Salme, yule aliyeondoka Unguja 1866 kwa ajili ya Mjerumani na akabatizwa Emily. Sultani hakumaliza hata siku kumi, akakubali Mjerumani azichukue zile nchi za bara.

Hiki kisa tukikisimulia huwa tunaishia hapo, ubeberu, mizinga, basi. Mimi kilichokuja kunishika ni zile meli zenyewe. Ukitafuta picha zake utashangaa, zina milingoti na matanga! Ni kweli zina injini ya mvuke, lakini matanga yapo vilevile kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa ghali na safari ni ndefu, na Elisabeth ilikuwa ya mbao, chombo cha miaka ya 1860. Mwaka huo Mwingereza au Mfaransa angezitazama akatabasamu. Lakini kwa Barghash zilitosha, na hapo ndo kuna jambo ambalo nadhani wengi wanalikosa: ili kuchukua koloni Mjerumani hakuhitaji jeshi kubwa la majini. Alilipata koloni na vyombo chakavu. Lile jeshi kubwa, la manowari za chuma zilizoitia Uingereza tumbo joto, lilikuja baadaye, baada ya koloni kushapatikana, na lilijengwa kwa hoja kwamba makoloni na biashara ya ng'ambo vinahitaji ulinzi. Halafu halikuja kuyalinda.

Turudi nyuma kidogo. Katikati ya karne ya 19 Wajerumani hawakuwa na nchi moja wala meli za maana. 1848 walipoingia vitani na Denmark, nchi ndogo ile, Wadenishi walifunga bandari zao na biashara ya Hamburg na Bremen ikakwama, aibu kubwa. Bunge la Frankfurt, lililokusanyika kuwaunganisha Wajerumani, likaanzisha jeshi la majini kwa haraka haraka, lakini lile vuguvugu la kuunganisha nchi likafa na meli zikabaki hazina mwenye kuzilipia, 1852 zikapigwa mnada. Mnada wa kawaida kabisa, kama wa makochi ya mtu aliyeshindwa mkopo.

Prussia, dola la Kijerumani lenye nguvu upande wa kaskazini, ndo ikabeba mzigo. 1853 ikanunua kipande cha pwani kwenye ghuba ya Jade kutoka kwa jirani yake mdogo Oldenburg, sehemu ya matope na maji maji, ikaanza kuchimba bandari ambayo ilizinduliwa 1869 ikaitwa Wilhelmshaven. Na vibarua waliochimba pale walisumbuliwa sana na malaria. Ndiyo, malaria, Ujerumani kaskazini, sisi tumezoea kudhani ule ugonjwa ni wa kwetu peke yetu. Meli za kwanza nzito za chuma ikabidi zinunuliwe nje, König Wilhelm na Kronprinz zilitoka London, Friedrich Carl ikatoka Ufaransa, na miaka michache baadaye, 1870, Prussia ikaingia vitani na huyo huyo Mfaransa. Vita ile iliamuliwa nchi kavu, zile manowari kubwa zikabaki zimejibanza Wilhelmshaven, na somo ambalo wakuu wa jeshi walilichukua ni kwamba askari wa miguu ndo kila kitu na meli ni ya kupambia.

Ndo maana baada ya dola kuundwa 1871 mkuu wa jeshi la majini akawekwa jenerali wa nchi kavu. Albrecht von Stosch, 1872 hadi 1883, na alipoondoka akawekwa jenerali mwingine, Leo von Caprivi, hadi 1888. Miaka 16 manowari zinaongozwa na watu wa kwata. Ile Stosch iliyotia nanga Unguja ilibeba jina la huyu jenerali. Haki yake nimpe, Stosch alijitahidi meli zianze kujengwa nyumbani na viwanda vya kwao vikajifunza kazi, ila nidhamu yake ilikuwa ya uwanja wa gwaride, mabaharia wanafundishwa kutii kwanza na bahari wataielewa mbele ya safari.

Tarehe 31 Mei 1878 ikaonekana hasara yake. Manowari tatu zilikuwa zinapita karibu na Folkestone, pwani ya kusini ya Uingereza, mchana, hali ya hewa nzuri, zinakwenda zimekaribiana sana kwa maringo ya mpangilio. Mbele yao vikakatiza vyombo viwili vya matanga. Grosser Kurfürst ikakata kona kuvikwepa, König Wilhelm iliyo ubavuni nayo ikatakiwa kugeuka, amri ikatoka, na mshika usukani akazungusha upande usiotakiwa. Meli za wakati ule zilikuwa na mdomo wa chuma chini ya maji wa kutobolea adui, ukaingia kwenye ubavu wa mwenzake kama kisu kwenye papai. Grosser Kurfürst ilizama ndani ya dakika chache na zaidi ya watu 260 wakafa, hakuna adui, hakuna dhoruba, mbele ya macho ya watu wa Folkestone. Baadaye yakafuata mashitaka na kurushiana lawama kwa miaka, maafisa wa baharini wakisema huyu jenerali wenu ndo katufikisha hapa.

Caprivi alikuwa na akili zake lakini. Yeye aliamini vita itakuja nchi kavu, Mfaransa upande huu na Mrusi upande ule, kwa hiyo baharini zinatosha boti za torpedo, zile zinazorusha kombora la kwenda chini ya maji, za kulinda pwani. Rahisi, za haraka, hazifilisi hazina. Na kijana aliyekuwa anasimamia hayo mambo ya torpedo aliitwa Alfred Tirpitz, mkumbuke huyu.

Huku kwetu vyombo vidogo viliendelea kufanya kazi ile ile. 1888 kampuni ya Wajerumani ilipoanza kupandisha bendera yake kwenye miji ya Mrima na watu wakakataa, Pangani, Bagamoyo, Saadani, vita ya Abushiri na Bwana Heri, ni manowari za Admirali Deinhard zilizopiga mizinga na kushusha askari wa majini, na kuanzia Desemba mwaka huo Mjerumani na Mwingereza wakafunga pwani yote pamoja, kisingizio ni kuzuia watumwa na silaha. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Hapakuwa na manowari kubwa hata moja kwenye shughuli ile.

Mwaka 1888 huo huo Wilhelm II akapanda kiti, ana miaka 29, mjukuu wa Malkia Victoria, na meli zilikuwa ugonjwa wake. Tangu utotoni alikuwa akitembelea bandari za kivita za bibi yake, na Waingereza mwaka 1889 wakamvika cheo cha heshima cha admirali wa kwao, akafurahi kama mtoto aliyepewa filimbi. Alikuwa anachora manowari kwa mkono wake, anatengeneza majedwali ya kulinganisha meli za mataifa na kuyasambaza bungeni. Sasa mtu wa namna hii ukimpa nchi yenye chuma cha kiwanda cha Krupp, viwanda vinavyokua kila mwaka na kampuni za meli za Hamburg na Bremen zinazofika kila bahari, unategemea nini.

1890 ukaja ule mkataba ambao shuleni tuliambiwa Mjerumani alibadilishana Zanzibar na Helgoland. Hapana bwana, Zanzibar haikuwa yake hata akaitoa. Alichofanya ni kukubali Mwingereza awe mlinzi wa Unguja na Pemba, akaachia madai yake ya Witu kule karibu na Lamu, akapata njia ya kuununua ukanda wa pwani ya Tanganyika kutoka kwa Sultani kwa marki milioni nne, na akapewa Helgoland, kisiwa cha mwamba mwekundu kisichofika hata kilomita za mraba mbili ambacho Mwingereza alikikalia tangu 1807. Watu wa Helgoland hawakuulizwa. Watu wa Witu na Unguja nao hawakuulizwa. Akina Peters walipiga kelele sana, wakaona wametapeliwa, lakini ukiweka ramani mezani utaona kisiwa kile kimekaa mlangoni pa mito ya Elbe na Weser, na tayari tangu 1887 walikuwa wanachimba mfereji wa Kiel, karibu kilomita 98, wa kuziunganisha bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini bila kuzunguka Denmark. Ulifunguliwa Juni 1895. Kwa hiyo madai ya pwani ya Afrika yamebadilishwa na kituo cha Bahari ya Kaskazini, mapema kabisa, kabla Tirpitz hajaja mezani. Kwangu hapa ndipo siri ilipovuja.

Tirpitz alikabidhiwa wizara ya majini Juni 1897, ametoka kuongoza kikosi cha Asia Mashariki. Mtangulizi wake, Hollmann, alikuwa kila mwaka anakwenda bungeni na orodha ya meli, wabunge wanakata, anarudi mwaka unaofuata na orodha nyingine isiyofanana na ya mwanzo, mpaka ikawa mzaha. Tirpitz akabadili mchezo wote. Yeye hakuomba pesa, aliomba sheria. Sheria ya Machi 1898 iliandika idadi: manowari kubwa 19, za kulinda pwani 8, kruza, yaani manowari nyepesi za safari ndefu, kubwa 12 na ndogo 30, na kila manowari ikifikisha miaka 25 inajengwa nyingine mahali pake, bila mjadala. Gharama kama marki milioni 400 kwa miaka sita. Kura 212 dhidi ya 139, ikapita.

Watu wanazungumzia mizinga na unene wa chuma, wakati silaha kali kuliko zote za Tirpitz ilikuwa ile karatasi. Ni kama mtu anayekusainisha mkopo leo, marejesho anayakata juu kwa juu kwenye mshahara, na kwenye maandishi madogo kuna kipengele kwamba gari likichakaa utakopa lingine la aina ile ile, na wewe unafurahi kwa sababu marejesho ya mwezi huu ni madogo. Wabunge walijiona wamemdhibiti Kaizari maana sasa idadi imewekwa kikomo. Kumbe wamejifunga wenyewe, kuanzia pale swali la je, tunazihitaji hizi meli likawa halina pa kuulizwa. Na tena ukubwa haukuandikwa! Sheria inasema manowari 19, haisemi za tani ngapi. Meli ya tani 10,000 ikistaafu unaweza kujenga ya 20,000 mahali pake, na ndivyo ilivyokuja kuwa.

Wananchi nao walitayarishwa. Tirpitz alifungua ofisi ya habari wizarani, maprofesa wakaajiriwa kwa heshima na hotuba, na Aprili 1898 ikaundwa Jumuiya ya Manowari, fedha za kuanzia zikitoka kwa Krupp, mwenye kuuza vyuma vya hizo hizo meli. Jumuiya ilikuja kufikisha zaidi ya watu milioni ukihesabu na vyama vilivyojiunga. Watoto wakavalishwa suti za ubaharia hata kule Bavaria ambako bahari wanaiona kwenye picha. Walioshtuka walikuwepo, August Bebel wa wasoshalisti na Eugen Richter wa waliberali walipinga wazi bungeni, na hata wakulima wakubwa wa mashariki hawakuipenda ile biashara, waliona meli ni mambo ya wenye viwanda, mpaka walipohakikishiwa kwamba nafaka zao zitalindwa kwa ushuru.

Sasa sikiliza hoja iliyouzwa. Bülow, waziri wa mambo ya nje, Desemba 1897 kasema Ujerumani nayo inataka nafasi yake juani. Kaizari 1898 kule Stettin kasema mustakabali wetu uko majini. Makoloni, biashara, heshima ya bendera Dar es Salaam na Tanga na Kiaochao kule China. Lakini kwenye maandishi ya siri ya Juni 1897 Tirpitz alimwandikia Kaizari waziwazi kwamba adui ni Uingereza na meli zinatakiwa zifanye kazi yake kati ya Helgoland na mto Thames. Siyo Bahari ya Hindi. Kruza za kuzunguka dunia yeye aliziona za kupoteza hela, kwa vile nje huko Mjerumani hakuwa na vituo vya makaa. Na hilo alikuwa sahihi, manowari nne za aina ya Brandenburg zilipotumwa China mwaka 1900 zilijaza makaa njiani kwenye bandari za Mwingereza, Colombo, Singapore, yaani unakwenda kuonyesha misuli huku mafuta unakopa kwa unayemwonyesha.

Hoja yake kubwa waliiita hoja ya hatari. Hatuhitaji kumshinda Mwingereza, tunahitaji kuwa wakubwa kiasi kwamba akitupiga atabaki na majeraha na wengine watamla. Ni mbwa wa getini, hana lazima ya kumuua mwizi, amfanye tu apige hesabu ya suruali yake. Inavutia ukiisikia mara ya kwanza. Tatizo ni kwamba inamtaka mwizi akae kimya akisubiri mbwa akue, na Mwingereza hakukaa. Alikubaliana na Japani 1902, na Ufaransa 1904, na Urusi 1907, akarudisha meli zake nyumbani, akajenga Dreadnought, manowari ya aina mpya iliyozeesha manowari zote kwa siku moja, na kwa meli za ukubwa ule mfereji wa Kiel ukawa mwembamba ikabidi uchimbwe upya.

Na hapa pwani yetu inaingia tena. Desemba 1899, vita ya Makaburu imepamba moto, Waingereza waliikamata meli ya posta ya Wajerumani iitwayo Bundesrath karibu na ghuba ya Delagoa, Maputo ya leo, wakaipeleka Durban wakidhani imebeba silaha. Ilikuwa ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, ile ile iliyokuwa inahudumia Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Silaha hazikuonekana. Kule Ujerumani moto ukawaka, na Tirpitz hakuuacha uzime, Juni 1900 sheria ya pili ikapita na manowari kubwa zikapanda kutoka 19 hadi 38. Meli ya abiria na barua ya njia ya Afrika Mashariki imekamatwa, dawa yake eti ni manowari 19 zaidi katika Bahari ya Kaskazini. Mgonjwa Tanga, hospitali inajengwa Kiel.

Pesa zilitoka wapi? Dola halikuwa na kodi ya mapato, lilikula ushuru na kodi za bidhaa, kwa hiyo mwananchi alilipia manowari kila alipokunywa na kuvuta. 1902 wakaweka kodi ya mvinyo wa mapovu kwa ajili ya jeshi la majini. Ilifutwa 1933, ikarudi 1939, na mpaka leo ukifungua chupa Berlin unailipa, meli zimeshazama zote.

Nirudi kwenye zile kruza ambazo Tirpitz hakuzipenda, maana ndizo zilizofanya kazi yenyewe ya koloni. Agosti 1896 Khalid bin Barghash alipojitangaza Sultani na Waingereza wakalipiga kasri chini ya saa moja, alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka askari nje wakisubiri akanyage tu ardhi ya Unguja wamkamate. Akakaa ndani zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba likaja bamvua, maji yakapanda mpaka kwenye bustani ya ubalozi, mashua ya kruza Seeadler ikavutwa hadi ukutani, Khalid akainua mguu kutoka ardhi ya Mjerumani akauweka ndani ya mashua ya Mjerumani, bila kukanyaga hata chembe ya mchanga wa Unguja. Akapelekwa Dar es Salaam. Kazi ile iliyotaka jicho la mtu anayejua maji yanajaa saa ngapi ilifanywa na kameli kadogo ka kruza, na Waingereza na manowari zao zote wakabaki wanatazama.

1914 hesabu ikafungwa. Meli kubwa za Kaizari zilikuwa Wilhelmshaven na Kiel, na pwani ya Afrika Mashariki ikawa na kruza moja ndogo, Königsberg, ambayo iliizamisha Pegasus ya Waingereza hapo Zanzibar mwezi Septemba kisha ikajificha kwenye mikoko ya Rufiji mpaka ilipomalizwa Julai 1915. Bandari ya Dar es Salaam, ambayo 1885 kikosi kile kilibaki Unguja mpaka Sultani akakubali Wajerumani waitumie, mlango wake ni mwembamba, ukivuka na pantoni kwenda Kigamboni unauona wote kwa jicho moja. Vita ilipoanza Agosti 1914 hapakuwa na manowari ya kuulinda, kwa hiyo Wajerumani walichukua gati lao la kuelea, lile la kutengenezea meli, wakalivuta hadi pale mlangoni na kulizamisha wenyewe.